Maji Kwenye Tangi



Kabla sijaingia chuo nilikuwa utingo kwenye lori la mjomba wangu. Kwaresima moja tulikuwa tunapanda Kitonga kuelekea Iringa, gari likaanza kukohoa. Likatoa moshi mweupe, likapoteza nguvu, likazima. Nikamwambia mjomba apige starti tena. Akakataa katakata. Kama ni maji, alisema, ukilazimisha unayasukuma hadi kwenye pampu na nozeli, na hapo utauza ng'ombe.

Akalegeza koki ya chini ya filta, akakinga kwa chupa tupu ya plastiki. Tukaiacha itulie. Dizeli ikakaa juu, maji yakakaa chini, mpaka wake unauona kabisa. Maji ni mazito kuliko dizeli, ndiyo maana ukichungulia tangi kwa juu huoni kitu. Basi tukafungua plagi ya chini ya tangi na kukinga kwenye dumu mpaka ikatoka dizeli tupu. Tukafunga filta mpya, akalegeza skrubu ya kutolea hewa, nami nikapiga pampu ya mkono hadi mapovu yakaisha. Zaidi ya saa mbili, juani.

"Sasa mjomba, haya maji yametoka wapi?" aliniuliza.

Nikasema labda tuliuziwa mafuta mabaya.

Ukweli ni kwamba usiku wake nilinyonya lita 20 nikauza, kisha nikajazia dumu la bei ya kutupa nililonunua kando ya barabara, geji isije ikaniumbua.

Jumamosi nikaenda kuungama. Nilitaja uvivu wa sala, matusi, hasira. Yote kweli, lakini ni ya juu juu. Ule wizi niliuacha chini, tena makusudi. Mafundisho ya kipaimara nilikuwa nayo: dhambi kubwa unayoikumbuka lazima uitaje, na ukiificha kwa kusudi hujaondolewa hata zile ulizozisema. Nilijua, na Pasaka nikapokea Komunyo hivyo hivyo. Halafu nikaongeza novena. Nikajiunga na kwaya! Ndugu yangu, nilikuwa napiga starti na maji yamo ndani. Sijui wewe una nini huko chini, ila ukichunguza dhamiri usianzie juu.

Nilirudi kwa padre wiki kadhaa baadaye, mikono inatetemeka. Hakushtuka hata kidogo (mapadre wamesikia mengi). Aliniuliza tu kama mwenye mali anajua, akanikumbusha kwamba kilichoibwa hurudishwa.

Kumwambia mjomba kulikuwa kugumu kuliko kitubio. Alinyamaza tangu tunakunywa chai hadi tunapakia mzigo. Kisha akasema atanikata posho mpaka ile dizeli, filta na siku iliyopotea viishe. Ilichukua miezi miwili. Ufunguo wa tangi hakuniomba, niliendelea kukaa nao mimi.