Ruzuku: Hisani au Haki?

Sisi tufundishao Kiswahili twajua kwamba maneno "ruzuku" na "riziki" ni ya shina moja. Mwenyezi Mungu humruzuku mja wake, naye mja hushukuru wala haulizi hesabu. Je, yafaa wakazi wa mji mdogo waipokee ruzuku ya serikali kwa moyo huo huo?

Tutazame Uganda. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 193, yataja ruzuku za aina tatu kwa serikali za mitaa: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha, ambayo yakusudiwa wilaya zilizo nyuma kimaendeleo. Hapo hapana hisani. Jambo likiisha kuandikwa katika Katiba, mpewaji si mwombaji tena.

Lakini haki nayo ina mtihani wake. Mwaka 2005 kodi ya kichwa, iliyokuwa nguzo ya mapato ya halmashauri, iliondolewa. Wengi walifurahi, na hatuwalaumu, kwa kuwa kodi ile iliwaelemea maskini. Hata hivyo, halmashauri zilizidi kutegemea fedha za kutoka Kampala. Na tabia ya binadamu twaijua: aliyelipa kwa mkono wake, aonapo mtaro umeziba, huuliza, "Fedha yangu imekwenda wapi?" Aliyezoea kuletewa husema tu, "Serikali haijatufikiria."

Pengine msomaji atasema kwamba asiyetoa hana haki ya kuuliza. Nasi twauliza: ni nani asiyetoa? Mama auzaye nyanya sokoni, anunuapo sabuni, amekwisha kulipa kodi ndani ya bei yake. Na sehemu ya ruzuku itokayo katika mikopo, watakaoilipa ni wanawe. Basi fedha ile ni jasho lake lililokwenda mji mkuu na kurudi likiwa limebadili jina.

Kwa hiyo twaona kosa liko pande mbili. Mkubwa akizindua kisima kana kwamba amekichimba kwa mali yake, amejitwalia sifa isiyo yake. Na mwananchi apigaye makofi bila ya kuuliza gharama ameitupa haki yake kwa hiari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Riziki na tuishukuru. Ruzuku na tuihesabu.