Mzururaji ana kosa gani?

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uzururaji. Vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na askari wengi waliorudi nyumbani walikosa kazi na makazi. Kulala nje au kuombaomba kukawa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Wakoloni waliieneza fikra hiyo Afrika, nasi tukairithi: hata baada ya uhuru, asiye na kazi wala makazi aliweza kukamatwa mjini bila ya kumdhuru yeyote.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Umaskini si jinai. Ukimkuta mtu amelala barazani kwako, usianze kumhoji anatafuta nini hapa. Msalimie kwanza, kisha muulize kama amekula.