Mkazo Ukihama, Nani Amelipa?

Kumrekebisha mtu matamshi yake ni wema au ni kiburi? Swali hili hunijia kila nikisoma vitenzi vya Kiitaliano, lugha tunayoisikia sana Malindi na Watamu.

Sisi Waswahili tumezoea raha. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa. Tena mtenda tunamtaja mapema: nalipa, alilipa. Kiitaliano humweka mwishoni, na wakati mwingine kinachomtambulisha ni mkazo tu. Pago, yaani PA-go, ni "nalipa". Pagò, yaani pa-GO, ni "alilipa". Silabi ni zilezile mbili, lakini deni limehama kutoka kwangu hadi kwa mwingine, na kutoka leo hadi jana. Si ajabu maandishi yao yanalazimisha alama juu ya ile o ya mwisho.

Sasa chukua parlano, "wanazungumza". Mswahili ataigawa par-la-no, halafu aweke mkazo alipozoea: par-LA-no. Wenyewe husema PAR-la-no. Na abitano, "wanakaa", ni A-bi-ta-no, silabi ya nne kutoka mwisho! Hapa hakuna alama. Kitabu kinakuchukulia kama uliyezaliwa Roma. Lakini ukikosea, hakuna aliyedhulumiwa. Umejulikana tu kuwa u mgeni, basi.

Kwa hiyo naona makosa ni ya aina mbili. Lile linalombebesha mtu tendo lisilo lake lazima lisahihishwe, maana mtu anaweza kudaiwa asichokopa. Lile linaloonyesha tu ulikotoka halistahili kicheko, kama vile mtu wa bara hastahili kuchekwa Mombasa kwa kusema "kitabu yangu".

Utaniambia: kumwachia mgeni kosa lake pia ni dharau, kana kwamba hawezi kujifunza. Kweli kabisa. Asiyerekebishwa hubaki mgeni milele. Basi tumrekebishe, lakini tuangalie vizuri mkazo wetu wenyewe. "Sema PAR-la-no" ni maneno yaleyale kwa mwalimu na kwa mwenye kejeli. Mmoja ameweka uzito kwenye neno, mwingine kamwekea mtu mabegani.