Kadari na Chumba Kisicho na Dirisha

Miongoni mwa maswali ya kale katika elimu ya tauhidi ni lile la uhusiano kati ya kadari, yaani makadirio ya Mwenyezi Mungu juu ya viumbe wake, na sababu, yaani njia za kawaida ambazo kwazo makadirio hayo hutimia. Na katika kisiwa cha Unguja, ambako maradhi aghalabu hupokewa kwa kauli kwamba yameandikwa, kifua kikuu hulirejesha swali hilo majumbani.

Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa maradhi haya mwaka 1882, na baadaye ikathibiti kwamba huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa. Hata hivyo, wengi waliowavuta bakteria hao hawaugui maisha yao yote, na wanaougua zaidi ni wale ambao kinga yao imedhoofishwa na lishe duni, Virusi vya Ukimwi, kisukari au tumbaku. Hatari ya kuambukizwa nayo huongezeka pale watu wengi wanapolala pamoja na mgonjwa asiyetibiwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Kwa hiyo bakteria ni sababu, na chumba pia ni sababu.

Mji Mkongwe wa Unguja unalidhihirisha jambo hili. Nyumba zake kubwa za mawe ya matumbawe na chokaa zilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja, nyingi zikiwa na ua wa ndani ulioachwa wazi juu ili kuingiza mwanga na upepo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingi zilichukuliwa na Serikali na kukaliwa na aila kadhaa, hata pumzi iliyokadiriwa ukoo mmoja ikawa ya vifua vya wengi.

Inasimuliwa kwamba Khalifa Omar bin Khattab, alipogeuza msafara kuiepuka tauni ya Sham katika karne ya 7, aliulizwa kama anaikimbia kadari, naye akatoa mfano wa bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mwingine mkavu: popote ngamia watakapolishwa, ni kwa kadari. Mfano huo haumwondolei mchungaji wajibu wa kuchagua, na ngamia hachagui malisho. Vivyo hivyo, mpangaji asiye na uwezo wa kuhama hapaswi kuhimizwa subira peke yake, ilhali anayemiliki, anayegawa au anayesimamia nyumba haulizwi ni upande gani wa bonde alikowapeleka watu.