Siri ya Mkono

Katika nyumba zetu nyingi mikate na keki huokwa nyumbani, kwa sikukuu, kwa arusi, na mara nyingi kwa kuuza pia. Na popote penye kuoka husikika neno hili: "Fulani hana mkono." Mkate ukitoka mgumu, au keki ikididimia katikati, shauri limekwisha, mwokaji hana mkono. Yule mwingine ambaye kazi yake haimharibikii husifiwa kuwa anao. Akiombwa kufundisha, hutaja vipimo: unga vikombe vitatu, sukari kimoja, mayai manne, siagi kiasi kadha. Kisha hunyamaza. Mwanafunzi huenda kwake, hufuata vipimo vile vile, na keki yake humharibikia.

Tungependa kuuliza: je, huyo aliyenyamaza amefundisha? Na kama hakufundisha, ametenda kosa, au ametumia tu haki yake ya kufunga mdomo?

Haifai kujibu kabla ya kukitazama hicho kinachonyamaziwa. Tuanze na hamira. Hamira si dawa. Ni viumbe hai wadogo mno, na tangu mwaka 1857 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alikuwa akieleza kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe walio hai. Hula sukari iliyomo katika unga, hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoliumua donge. Maji ya vuguvugu, ya nyuzi 35 hadi 40 za sentigredi, huwafaa; maji ya nyuzi 60 huwaua. Sasa mama anachemsha maji, anayaacha kidogo mpaka mvuke upungue, anayamimina juu ya hamira, kisha anangoja saa mbili donge liumuke. Haliumuki. Ameiua hamira yake bila kujua, na hakuna hesabu ya vikombe iliyoweza kumwonya. Mwenye mkono hutia kidole katika maji, yakimchoma, hungoja.

Huenda hata yeye hajui kwamba anapima. Mkono ukisha kuzoea, ulimi husahau, na hapo hatuwezi kusema kwamba ameficha kitu. Kwa mtu wa namna hiyo karatasi ya vipimo haifai sana. Afadhali amwite mwanafunzi jikoni asimame karibu, atazame, aulize, "Mama, mbona umetia kidole?"

Liko jambo jingine ambalo huwaonea wenye bidii. Ngano ina kitu ndani yake ambacho kikipata maji na kukandwa hufanya nyuzi zenye kuvutika kama mpira, na nyuzi hizo ndizo zinazoishika gesi isitoroke. Kwa hiyo donge la mkate hutaka kukandwa kwa nguvu, dakika kumi au zaidi, mpaka liwe laini na livutike bila kukatika upesi. Keki hukataa kabisa mambo hayo. Ukisha kutia unga wa keki yafaa ukoroge kidogo tu, unga uchanganyike, basi. Msichana aliyesifiwa kwa kukanda mkate huikoroga keki kwa moyo ule ule, tena kwa muda mrefu ili asionekane mvivu, nayo hutoka ngumu. Kumwambia "ongeza bidii" ni kumzidishia hasara.

Tena kuna moto. Beking pauda ikisha kupata maji huanza kutoa gesi papo hapo. Anayechanganya kwanza ndipo akawashe makaa, atakuta mchanganyiko wake umekwisha kupoteza sehemu ya nguvu ukiwa mezani. Moto huwashwa kwanza. Na sisi tunaooka kwa sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko, twajua kwamba makaa mengi hukaa juu na machache chini, la sivyo keki huungua kitako na ndani ni mbichi. Wengine hufunua kila baada ya dakika tano kutazama. Keki ambayo haijashikamana ikipigwa na hewa baridi hudidimia. Jambo hili watoto ndio wanaolaumiwa kwalo, na mara nyingi si wao waliofunua.

Basi hivyo ndivyo vitu vinavyonyamaziwa. Tuseme kweli, vingi havistahili kuitwa siri; baadhi yake vimeandikwa ubavuni mwa kopo.

Sasa tumsikilize mwenye kunyamaza, maana anayo hoja. Husema, "Hii ni riziki yangu. Nikiwafundisha wote, kesho barabara yetu itakuwa na wauzaji kumi, nami watoto wangu watakula nini?" Hatuwezi kuidharau hoja hiyo, hasa ikitoka kwa mjane anayelipa ada ya shule kwa mikate. Ujuzi ni mali, na mtu hana lazima ya kugawa mali yake kila aombwapo. Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham huko Uingereza, alitengeneza beking pauda yake mwaka 1843 kwa kuwa mkewe hakuweza kula vitu vyenye hamira. Baadaye akaifanya biashara, wala hatuoni sababu ya kumlaumu kwa kuiuza.

Lakini kukataa kufundisha ni jambo moja, na kufundisha nusu ni jambo jingine. Mama akisema waziwazi, "Samahani dada, hili silifundishi, ndilo linalonilisha," hakumdanganya mtu. Aliyeuliza ataondoka na unga wake, atatafuta mwalimu mwingine. Ila yule anayesema "karibu," akataja vipimo vyote, akaacha kwa makusudi lile neno moja linalohusu maji au moto, amemtuma mwenzake dukani akanunue mayai na siagi vya kuharibu. Tena amemwibia kitu kikubwa kuliko mayai, kwa kuwa mwenzake huyo atajilaumu mwenyewe. Atasema, "Nilipewa kila kitu, kumbe ni mimi nisiyeweza." Wapo walioacha kuoka kabisa kwa sababu hiyo. Na kama mwalimu alipokea ada, hata kama ni kilo moja ya sukari, hatuoni jina jingine la kuliita jambo hilo isipokuwa wizi.

Kwa maoni yetu, basi, deni huanza pale mtu anapokubali kufundisha. Kabla ya hapo yu huru.

Je, na yule ambaye hakuombwa, lakini anaona mwenzake anakosea? Hapa hatuna kanuni moja. Twajua tu kwamba si vema kumwambia mtu mbele ya wageni wake kwamba keki ni mbichi, na si vema pia kuila kwa sifa nyingi ilhali kesho atapeleka nyingine kama hiyo kwa mteja. Neno la faragha, kabla ya kuoka tena, laweza kumwokoa.

Liko shauri moja gumu zaidi. Binti aliyezoea kuoka Tanga, karibu na usawa wa bahari, anaolewa Lushoto, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,300. Vipimo ni vile vile, hamira ile ile, mkono ule ule. Keki inainuka upesi kuliko alivyozoea, kisha inaanguka. Huko juu hewa ni nyepesi, haiikandamizi keki kama hewa ya pwani. Gesi hupanuka kwa haraka, na keki huumuka kabla haijapata nguvu ya kujishika. Mama yake aliyemfundisha hakuwahi kuoka milimani, basi hakumficha neno. Lakini mkwe wake ameoka huko miaka mingi, na keki zake yeye haziangukii. Anajua. Hauzi keki, wala hana riziki ya kulinda. Hata hivyo anawaambia majirani, "Tumeletewa mke asiye na mkono," na binti anasikia akiwa jikoni, anaosha sufuria.

Hapo hata mwenye kutetea haki ya kunyamaza hana la kusema. Jina la mtu linaharibiwa, na dawa yake imo kinywani mwa yule yule anayeliharibu. Haihitaji hata dakika moja: "Mwanangu, huku kwetu punguza beking pauda, kama robo kwa kila kijiko. Sukari nayo ipungue kidogo, maziwa yaongezeke kidogo, na moto uwe na nguvu kuliko wa kwenu. Njoo, kesho tuoke pamoja."