Yesu wa Murang'a

Kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, katikati ya Kenya, lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya mkoloni kwa kukataa kula kiapo cha wapiganaji. Ndani yake mna michoro mitano mikubwa ya ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na msalaba. Aliyeichora ni Elimo Njau, Mlutheri wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Ilikuwa miaka ya mwisho ya 1950, naye hajatimiza miaka thelathini. Yesu wake ni Mwafrika.

Wengi wetu tumekua na picha nyingine. Warner Sallman, mchoraji wa Chicago, alichora kichwa cha Kristo mwaka 1940, uso umetazama kando, nywele laini zimeshuka mabegani. Nakala zake zimepita milioni 500. Zikaingia sebuleni mwetu, zikatundikwa juu ya kabati la vyombo, na watoto tukaamini ni picha ya kupigwa.

Mzee wa kanisa akisema Yesu hakuwa Mwafrika, anasema kweli. Alikuwa Myahudi wa Nazareti. Lakini hakuwa wa Chicago pia, na Injili zote nne hazituambii hata urefu wake. Kila mchoraji amekisia, na walio hodari walikisia kwa kutazama watu waliokuwa karibu nao. Caravaggio, mwanzoni mwa miaka ya 1600, alichora mahujaji maskini wamepiga magoti mbele ya Mariamu, nyayo chafu za mmoja wao zimemwelekea mtazamaji. Watu wa Roma walinung'unika. Mchoro huo uko kanisani Sant'Agostino mpaka leo, na ningeomba kila kamati ya ujenzi iutazame kabla ya kuagiza mapambo.

Nikiri hapa kwamba baadhi ya picha mpya hazinigusi. Kumpaka Yesu rangi ya kahawia, kisha kumwacha amesimama vilevile na joho lilelile na kondoo yuleyule mweupe begani, ni kazi ya brashi tu. Njau mwenyewe alifundisha miaka mingi, Nairobi kwenye kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

Kazi ya Murang'a ina uzito mwingine. Yesu akiwa mwenyeji, Yuda naye ni mwenyeji. Wanafunzi wanaosinzia bustanini ni majirani zetu, na wanaopigilia misumari hawakutoka mbali. Fikirini waumini waliokuwa wakikaa mbele ya ukuta ule. Kulikuwa na mjane wa mtu aliyeuawa na watu wa ukoo wake. Nyuma yake pengine alikaa mama ambaye mwanawe amenyongwa na serikali ya mkoloni, kwani walionyongwa katika vita vile walizidi 1,000. Kanisa lilijengwa kwa heshima ya wafu wa upande mmoja. Msalaba uliochorwa ndani yake hauwezi kuwa wa upande mmoja, maana aliyetundikwa ana sura ya wana wa wote wawili.

Ndiyo maana sikubali kwamba picha za namna hii ni za kutufariji tu, kwamba sasa na sisi tuna Yesu wetu. Yohana 1:14 yasema Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Akikaa kwetu anaona pia tulivyogawana shamba la marehemu, na nani hasalimiwi mlangoni baada ya ibada. Yule wa juu ya kabati la vyombo alikuwa akitazama kando.

Somo la wiki hii ni Marko 14:32–42. Mkilisoma nyumbani, wapeni watoto karatasi na penseli wachore bustani ile na waliolala ndani yake. Msiwaonyeshe picha yoyote kwanza. Wakimchora baba amelala chini ya mwembe, asikasirike.