Mwaka Mmoja Zaidi, na Mbolea

Andiko: Luka 13:6–9



Hii habari ya mtini mnaijua. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hapati kitu, anasema ukatwe. Sisi wahubiri tukifika hapa huwa tunakimbilia shoka. Leo naomba tumwangalie yule mtunza shamba. Hakusema tuombe tu, utazaa. Aliomba mwaka mmoja zaidi, tena akasema katika mwaka huo atachimba kuzunguka shina na kutia mbolea. Yaani alikubali kuchafuka mikono.

Sasa nianze na dhambi yangu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita vijana wa kanisa letu walileta mpango wa kukodisha viti na tenti. Hapa Nyamasaria harusi na matanga haziishi, kwa hivyo mpango ulikuwa na akili. Waliomba shilingi 100,000. Tukawapa 40,000. Baada ya miezi minne tukawaita kikaoni tukauliza, faida iko wapi? Haikuwepo. Tukachukua viti, tukavifungia stoo.

Barua ya kufunga mradi niliandika mimi, na digrii yangu ya biashara. Nilijua vizuri kwamba biashara iliyopewa chini ya nusu ya mtaji haiwezi kuleta faida kwa miezi minne. Nikaandika tu, kwa sababu sikutaka kubishana na wazee. Dada aliyewaongoza vijana wale bado anakuja ibada, lakini siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango. Mwezi uliopita nilimwendea kumwomba msamaha. Akanijibu kwa upole, "Pasta, pesa tungetafuta. Shida ni kwamba hamkutungoja."

Neno hilo lilinikumbusha ndugu zetu Waogiek wa msitu wa Mau. Usiseme ni mbali. Maji ya Sondu Miriu yanayoingia ziwani kwetu yanaanzia huko Mau. Waogiek ni wenyeji wa asili wa msitu ule, watu wa mizinga na asali. Mwaka 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke. Shirika lao wenyewe, OPDP, likashikana na CEMIRIDE la hapa Kenya na Minority Rights Group la London, wakapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2012 Tume ikaifikisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema haki zao zilivunjwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali, na milioni 100 kwa maumivu waliyopata. Pesa hizo ziwekwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii, na Waogiek wawe na wawakilishi wao katika kuusimamia.

Piga hesabu. Kutoka 2009 mpaka 2022 ni miaka 13. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa notisi, siku ya fidia alikuwa na 33. Kama wale marafiki wangedai matunda baada ya miezi minne kama sisi, wangekuta faili tu, wafunge na kwenda nyumbani. Na safari haikuishia hapo. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa kule Sasimwani, Narok, hukumu ikiwa tayari mkononi. Kwa hivyo kutembea na watu sio kuwasindikiza hadi siku ya kupiga makofi. Ni kuwa nao hata siku inayofuata, mambo yakiharibika tena.

Vijana wetu hawajafukuzwa msituni, sitaki kulinganisha machozi. Lakini kuna mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, mwenye shida ndiye akae mbele, na rafiki atembee kando yake. Pili, rafiki huyo asiwe wa msimu mmoja.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tunapitisha bajeti. Kuna pendekezo fungu la vijana liondolewe ili tumalize ukuta. Mimi naomba tofauti. Tutenge shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, jumla 360,000, na tuandike kwenye kumbukumbu za kikao ili asije mtu akabadilisha katikati. Vijana wachague viongozi na mweka hazina wao. Akaunti iwe na saini tatu, mbili za vijana na moja ya mzee wa kanisa. Ripoti itolewe kila miezi mitatu, na ikionyesha hasara, tukae chini tufundishane.

Mzee mmoja ameniuliza, "Na wakila pesa?" Ni swali la haki, baba. Mtunza shamba naye hakukataa hesabu. Alikubali kwamba baada ya mwaka ule, mti usipozaa, ukatwe. Ila alichimba kwanza. Sisi tulikata kabla ya kuchimba, halafu tukashangaa kwa nini vijana hawajitokezi kuongoza.

Ukuta utangoja. Kijana wa miaka 23 hatakuwa 23 tena.

Viti bado viko stoo. Jumatano baada ya maombi ya jioni nitafungua mlango, tuvihesabu pamoja na vijana. Wazee, mama zetu, karibuni. Atakayekuja aje na kitambaa, vimejaa vumbi.

Tuombe: Bwana, tusamehe haraka yetu. Tupe mikono ya kuchimba na moyo wa kungoja. Katika jina la Yesu, Amina.